Jiko Lililovikwa Kitambaa

"Nyama ya gesi haina harufu, mama Eveline. Ni kama kula picha," alisema jirani Sadock, baba Lenard, kutoka upande wake wa michongoma, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu.

"Na wewe umeila wapi?" Hilda aliuliza bila kuinua kichwa.

Sadock akaanza kutaja sherehe alizochoma nyama: harusi, ubatizo, kipaimara, zote za mtaa huu wa Mjimwema, kwa kuni zake na mikono yake. Leo Eveline katoka kanisani na kipaimara chake, wageni wa Mdandu wamejaa sebuleni, na yeye hakuambiwa hata alete kisu.

Miaka kumi na minane Hilda alichoma nyama karibu na stendi ya Makambako, akilisha madereva wa malori, mpaka daktari akamwambia achague moshi au macho. Alichagua macho. Kuacha kuchoma, hilo hakulichagua. Dukani muuzaji alimsifia jiko la gesi linalong'aa. Yeye akainua wavu wa kila jiko, akaupima kwa mkono kama anavyopima paja la mbuzi, akachukua lile jeusi, zito, lenye sura mbaya.

Kisha akalipenda kupita kiasi. Miezi minne lilikaa uani chini ya paa, limevikwa kitambaa cha maua alichokifuma mwenyewe, kama tunavyovika redio na makochi, likisubiri siku hii. Hakuwahi kuliwasha.

Sasa alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi, akakodoa macho. Hakuna kipovu kilichovimba; gesi haivuji. Akawasha. Kushoto moto ulikuja wa njano, mlegevu, unakohoa. Kulia haukuja kabisa. Mbavu za kitimoto, nyama ya nguruwe, zilikuwa bado kwenye beseni, mbichi. Wifi yake Dorika alichungulia mlangoni, akarudi ndani, na Hilda akajua sebule nzima itapata habari kabla wifi hajaketi.

"Kuni zangu ni kavu," Sadock alisema, safari hii taratibu.

Hilda alifunga mtungi. Jiko lilipopoa akachomoa mabomba ya moto, akayainua kwenye mwanga: utando wa buibui, na udongo wa nyigu umeziba matundu. Kumbe kitambaa kilikuwa na wapangaji. Akachukua spoku ya baiskeli, akazibua tundu moja moja, akapuliza, akarudishia kila kitu, akapaka povu tena. Akawasha tena.

Moto ukapanda wa buluu, mstari mnyoofu, ukiunguruma chinichini.

Mafuta yalipoanza kudondoka, harufu iliruka michongoma yenyewe. Watoto walitoka kwanza, kisha mashangazi wa Mdandu na vigelegele vyao. Hilda aligeuza mbavu katikati yao, macho makavu kabisa.

Sadock alikuwa bado amesimama palepale. Hilda akakata ubavu mmoja, akaupitisha juu ya michongoma. Sadock alitafuna muda mrefu, akanyonya mpaka mfupa.

"Chumvi haijakolea," alisema.

"Basi zunguka, baba Lenard, uingie ule," Hilda alimwambia, akifuta mikono kwa kile kitambaa cha maua. "Chumvi iko mezani."