Hatari Nyingine kwa Maisha ya Mwombaji

Mama Mizani hakuwa daktari, wala hakujifanya daktari. Alikuwa muuguzi aliyeacha wodi akiwa bado na nguvu zake, na kwa miaka tisa kampuni ya bima ilikuwa ikimtuma nyumba kwa nyumba kupima watu waliotaka kukata bima ya maisha. Jina alibandikwa na walinzi wa jengo la kampuni, maana kila asubuhi walimwona akitoka mbio na mizani ya chuma kwapani kama mtu aliyeiba kitu sokoni. Alipima uzito, presha na sukari, akatoa damu, akajaza fomu ya kurasa nne, akaenda zake. Watu walimchangamkia lakini kwa woga, kwa kuwa ndiye aliyekuja kuwaonyesha kwamba mwili nao una bei.

Alhamisi moja, saa nane mchana, alifuatana na wakala wa bima hadi nyumbani kwa dereva wa lori la mafuta. Wakala alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, tai shingoni na maneno mengi mdomoni. Dereva mwenyewe mtaani walimwita Tanki, kwa lori lake na kwa umbo lake pia. Lilikuwa pandikizi la mtu, shingo imezama mabegani, mikono kama magogo.

Sebule ilikuwa safi kupita kiasi. Pembeni kulikuwa na cherehani na rundo la sare za shule zilizokatwa tayari kushonwa. Mlango wa chumbani ulikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, limezibwa kwa kalenda. Mke wa Tanki, fundi wa nguo, alileta glasi nne za maji, akaziweka mezani bila sauti hata moja, akasimama karibu na ukuta.

Mama Mizani alimpima Tanki. Presha ilikuwa juu, mia na sabini kwa mia na sita. Sukari nayo haikuwa na heri.

"Unavuta sigara, baba?"

"Sijawahi."

Kwenye dirisha kulikuwa na kopo limejaa vichungi vya sigara. Mama Mizani alilitazama, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Baba, damu haina aibu. Nikiipeleka maabara itasema yenyewe."

"Basi andika pakiti moja. Andika mbili! Wapi bei?"

Wakala alibofya simu yake, akakohoa, akataja ada ya kila mwezi kwa bima ya muda ya miaka kumi. Tanki aliinuka nusu ya kiti.

"Unanitania? Mwenzangu kazini analipa robo ya hiyo! Lori moja, barabara moja!"

"Mwenzako ana miaka mingapi?" Mama Mizani aliuliza.

"Thelathini na kitu."

"Wewe hamsini na moja. Hapo peke yake bei imeshapanda zaidi ya mara mbili, na kila mwaka ukisubiri inazidi kupanda. Ongeza sigara. Ongeza presha na sukari. Umesema baba yako alikufa kwa moyo kabla ya sitini, hiyo nayo inahesabiwa. Na kazi yako ni kubeba petroli. Kampuni haikuonei. Inapima uwezekano wa wewe kufa ndani ya hiyo miaka kumi. Miaka ikiisha uko hai, hulipwi kitu."

Tanki alipiga meza kwa kiganja. Glasi ikaruka, ikavunjika sakafuni. Kabla mtu hajasema neno, mkewe alikuwa ameshapiga magoti anaokota vipande, haraka haraka, kama anayefanya kazi yake ya kila siku. Tanki akasogeza mguu, kiatu kikatua juu ya mkono wa mkewe. Hakutazama chini. Aliendelea kumfokea wakala juu ya wizi wa kampuni, na huku anafoka alikuwa anauzungusha unyayo polepole, kama mtu anayezima kipande cha sigara. Yule mwanamke hakulia. Alifumba macho tu.

"Mguu wako, baba," Mama Mizani alisema.

"Ah." Akauinua. Sakafuni palibaki damu, na kipande cha glasi kimesimama wima katikati ya kiganja.

Mama Mizani alikichomoa na kumfunga bandeji. Wakati anafunga, alimsikia Tanki akiuliza kwa sauti mpya, ya upole kabisa:

"Na huyu je? Ana ishirini na tisa. Havuti, hanywi, kazi yake kukaa kwenye cherehani."

Uso wa wakala ulichanua. Alibofya tena. "Mwanamke, kijana, hana ugonjwa... Kaka, fidia ileile, ada ni sehemu moja ya saba ya yako!"

"Kumbe huyu ni bei ya kutupa!" Tanki alicheka hadi meza ikatikisika. Kisha akaacha kucheka. "Muda mfupi kabisa ni upi?"

"Miaka mitano."

"Mnaanza lini kulipa?"

"Ada ya kwanza ikishaingia, bima inaanza kazi."

"Hata akianguka bafuni? Hata akiteleza kwenye ngazi?"

"Ajali ni ajali, kaka," alisema wakala, na kutabasamu.

Mama Mizani aliacha kufunga bandeji. Katika miaka tisa watu walikuwa wamemuuliza kuhusu saratani, kuhusu moyo, kuhusu safari za ndege. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za bafu.

"Mwanamke nampima chumbani, peke yetu," alisema. "Ndiyo kanuni." Kanuni hiyo haikuwepo. Aliitunga papo hapo, na akafunga mlango kabla Tanki hajapata la kujibu.

Chumbani alimwomba akunje mikono ya gauni. Palikuwa na alama nne za pasi, mbili nyeusi za zamani, moja ya waridi, na moja bado inatoa maji. Alipomgusa ubavuni, mwanamke alijikunja.

"Umefanya nini hapa?"

"Nilianguka, mama."

"Na pasi nayo uliiangukia mara nne?"

Mwanamke alishusha kitambaa shingoni. Vidole vilikuwa vimejichora pale, vinne upande mmoja na gumba upande wa pili, vya kibuluu.

"Jumatatu alinishika hapa," alinong'ona. "Nilizimia. Nilipozinduka niko sakafuni, kumekucha, yeye yuko mezani anakunywa chai. Akaniambia, 'Umeamka? Chumvi iko wapi?'"

Mama Mizani alikaa kitandani.

"Ondoka leo."

"Leo siwezi, ataniona. Jumapili asubuhi anasafiri na lori, siku tatu. Dada yangu anauza vitambaa mji wa pili, atanipokea. Nimeshafunga nguo zangu ndani ya gunia la vipande." Alimshika mkono. "Ila mama, usiandike kitu. Akijua tu kwamba nimesema, sifiki Jumapili."

"Siandiki," Mama Mizani alisema. Na wakati anasema, alimaanisha.

Usiku ule hakulala vizuri. Ijumaa asubuhi alipitia kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza akiwa anatafuna kijiti cha meno, akamwambia mke aje mwenyewe alete malalamiko. Alitoka pale amevimba kwa hasira. Alipofika ofisini kwake, chumba kidogo cha chini chenye friji ya damu na kitanda cha kupimia, fomu ya yule fundi ilikuwa juu ya meza inamngoja. Swali la ishirini na tatu liliuliza: Je, kuna hatari nyingine yoyote kwa maisha ya mwombaji? Kwa kawaida aliandika "Hakuna". Mara moja moja aliandika "Anaendesha pikipiki."

Angeweza kuiacha hadi Jumatatu. Hakuna mtu angemuuliza. Lakini askari yule na kijiti chake walikuwa bado wako mbele ya macho yake. Akaorodhesha majeraha ukurasa wa tatu, kisha akaandika kwa herufi kubwa: IPO. NI MUME WAKE. MAJERAHA YAMEORODHESHWA UKURASA WA TATU. Akapiga saini, akaipeleka juu mwenyewe, akashuka ngazi kifua mbele, anajiona kafanya jambo.

Saa sita wakala aliiona fomu imekataliwa. Aliona kamisheni yake imeota mbawa, akampigia Tanki simu na kumsomea swali na jibu lake. Baadaye alisema alitaka tu kumjulisha mteja.

Saa kumi jioni mlango wa chumba cha Mama Mizani ulipigwa teke, komeo likang'oka. Tanki aliingia na spana ya magurudumu, ile ndefu ya malori. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechubuka, na shati lilikuwa na matone ya damu ambayo haikuwa yake.

"Mimi hatari?" aliuliza. "Mimi? Umeandika mimi ni ugonjwa?"

"Umemfanya nini mke wako?"

"Huyo mimi nimeshamaliza naye. Sasa ni zamu yako, bibi mwenye kalamu."

Pigo la kwanza lilitua kwenye meza, likaipasua. La pili lilitua kwenye friji, na chupa za damu za wiki nzima zikamwagika na kutapakaa sakafuni. Mama Mizani alikimbilia mlango, akateleza kwenye damu ya watu wasiomjua, akanyoosha mkono wa kushoto kujikinga. Pigo la tatu lilimpata katikati ya mkono. Alisikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Halafu maumivu yakaja yote kwa pamoja, akapiga ukelele mpaka sauti ikamkauka.

Tanki alimwinamia. Mkono mzima wa Mama Mizani ukapapasa rafu ya chini, ukakuta chupa ya spiriti ya kusafishia vidonda. Kifuniko kilikuwa hakijakazwa. Akammwagia yote machoni.

Jitu lile lilinguruma kama ng'ombe anayechinjwa. Lilirusha spana ovyo, likavunja taa, likavunja dirisha, kisha likaitupa na kutafuta kwa mikono. Mikono ilimpata Mama Mizani mguuni, ikapanda, ikafika shingoni. Vidole gumba vilizama. Mama Mizani aliwaza kuhusu alama tano za kibuluu, na kwamba sasa anajua zinavyopatikana. Masikio yalianza kuvuma. Aliona giza likija kutoka pembeni.

Mara mikono ikalegea.

Nyuma ya Tanki alisimama mkewe. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, mdomo umepasuka, meno mawili ya mbele hayapo. Alikuwa amefungiwa chumbani, akavunja dirisha na kumfuata mumewe mbio njia nzima pekupeku. Mkononi alikuwa na mkasi wa kukatia vitambaa, ule mzito, na ulikuwa umeshaingia begani mwa mumewe mara moja. Akauchomoa. Akaudidimiza tena.

Tanki aligeuka, macho mekundu, machozi yanamchuruzika. "Wewe," alisema, kwa mshangao wa kweli, kama aliyeng'atwa na kiti chake mwenyewe. Akamnyanyukia. Mama Mizani alijiviringisha, akaikamata spana kwa mkono wa kulia, akampiga nayo gotini kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Goti liliingia ndani kwa namna ambayo goti halipaswi kuingia. Tanki akaanguka kifudifudi.

Fundi alimpanda mgongoni. Aliinua mkasi kwa mikono yote miwili na kuushusha, akainua tena na kushusha tena, bila neno, bila kilio, kwa mwendo uleule aliokanyagia cherehani.

"Mwanangu," Mama Mizani aliita, sauti ikitoka kama mchanga. "Mwanangu, basi. Hainuki tena. Ukimuua utafungwa wewe. Nipe huo mkasi."

Mkasi ulibaki juu hewani. Kisha ukaanguka wenyewe, na walinzi wakaingia, wakasimama mlangoni wakiwa wameshika vichwa.

Tanki hakufa. Alitibiwa akiwa na pingu, na baadaye hakimu alimpa miaka kumi na minne kwa mashambulizi yote mawili. Fundi aliachiwa, kwa kuwa majeraha yake mwenyewe yalimtetea kuliko wakili. Wakala alihamishiwa tawi jingine na barua ya onyo.

Siku ya tatu hospitalini, Mama Mizani akiwa na mkono umefungwa vyuma, fundi aliingia wodini anachechemea, amejifunga kitambaa kichwani. Akavuta kiti.

"Nilikuahidi sitaandika," Mama Mizani alisema. Alikuwa amelirudia neno hilo siku tatu. "Nikaandika. Laiti ningengoja Jumapili, ungekuwa kwa dada yako, na meno yako yote kinywani. Ni mimi niliyekupigisha."

"Najua," fundi alijibu. Neno lilipita kwenye pengo na kutoka na mluzi. "Aliniambia kila kitu huku ananipiga. Alinisomea na namba ya swali."

"Basi unachukia kuniona."

"Jana nilikuchukia. Leo asubuhi nilikuchukia tena kidogo, nilipojaribu kula mkate." Alimtazama kwa jicho lake zima. "Kesho sijui. Nani anakuchana nywele humu?"

"Hakuna. Mkono mmoja haufanyi kazi hiyo."

"Nimeona. Unatisha watoto."

Mama Mizani alitaka kucheka, shingo ikakataa. Fundi alitoa chanuo mkobani, akapanda ukingoni mwa kitanda, akaanza kufumua nywele zile zilizoshikana kwa damu iliyokauka, fundo moja baada ya jingine. Mikono yake ilikuwa mizito na haikuwa na huruma sana.

"Tulia," alisema. "Geuza kichwa upande huu."

Mama Mizani akageuza.