Pasi ya Mlingoti

Jumatatu jioni wachezaji walikuwa wakifunga kamba za viatu, na kocha akijaza mipira upepo kwa pampu inayovuja, Mlingoti alipoingia ukumbini kwa mazoezi. Alikuwa amezikwa Ijumaa. Aliinamisha kichwa mlangoni kama kawaida yake, akasalimia, akaomba radhi kwa kuchelewa. Kocha alimwambia aanze kwa kukimbia taratibu kuzunguka uwanja. Mzee anayefagia ukumbi aliutazama udongo mwekundu uliobaki sakafuni nyuma yake, akaenda kuchukua ufagio.

Klabu ilikuwa mali ya kiwanda cha mablanketi, na mwenyekiti wake alikuwa ametangaza kwamba timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ingesukwa upya kuwazunguka wasichana wawili. Senta, wa kusimama chini ya goli, ni Mlingoti, aliyepewa jina hilo shuleni, hata walimu wakalizoea. Wa kuongoza mchezo ni mtoto wa mama yake mdogo, mfupi, mwepesi, aliyedunda mpira kwa kasi hadi wakamwita Cherehani. Walikuwa wamelelewa nyumba moja na kulala kitanda kimoja, miguu ya Mlingoti ikining'inia nje. Cherehani alipiga pasi bila kutazama. Alijua dada yake alipo, kama mtu anavyoijua swichi ya taa ya chumbani kwake. Basi wachezaji wa zamani wakashukuriwa na kuachwa, wakaletwa wengine ambao kazi yao ilikuwa kulenga kutoka mbali na kuwapisha hao wawili.

Kabla ya nusu fainali Mlingoti alisema kifua kinambana. Daktari akasema apumzike. Mwenyekiti akasema ni kweli, apumzike, ila baada ya mechi. Mlingoti alidaka mpira wa mwisho uliogonga ubao, akamrushia Cherehani, akakaa chini ya goli na hakuinuka tena. Timu ikaingia fainali. Klabu ililipia jeneza, ambalo fundi alilazimika kuliongeza urefu.

Sasa alikuwa amerudi, na alicheza vizuri kuliko zamani. Hakuhema wala kuomba maji. Wapinzani wa fainali walipeleka malalamiko kwenye chama cha mchezo huo, wakajibiwa kwamba usajili wake bado ni halali na hakuna kanuni inayomzuia. Mwenyekiti alisema angalau lile tatizo la kifua limekwisha.

Mama yake Mlingoti alikwenda ofisini. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.

"Mwenyekiti, mwanangu amechoka," alisema. "Nikienda kaburini nakuta patupu. Mruhusuni akalale."

Mwenyekiti alimwagizia chai, akamweleza kwa upole kwamba mkataba bado haujaisha, na kwamba msichana mwenyewe hajalalamika.

"Hata alipolalamika hamkumsikia."

Mwenyekiti alimpa pole nyingi, akamshika mkono na kumsindikiza hadi mlangoni.

Ukweli ni kwamba tangu arudi Mlingoti alikuwa amemlalamikia mtu mmoja tu. Siku moja walibaki wawili katika chumba cha kubadilishia nguo, na Cherehani alimuuliza kwa nini anakuja ikiwa hataki.

"Unaniita mwenyewe," Mlingoti alisema. "Kila ukipiga pasi pale ninaposimama, nasikia. Nikiwa huko huko chini nasikia. Sasa niuache mpira uanguke?"

"Na nisipopiga?"

Mlingoti alifikiri, akijikuna udongo kwenye kiwiko. "Nitalala," alisema.

Siku ya fainali Cherehani alipiga pasi kushoto na kulia, akafunga alivyoweza, lakini chini ya goli hakurusha hata mara moja. Kocha alimfokea mpaka sauti ikamkauka. Mlingoti alisimama mahali pake akiwa amenyoosha mikono. Baadaye mikono ikashuka. Kope zikawa nzito, akaegemea mlingoti wa goli kama mtoto anayesinzia mgongoni. Filimbi ya mwisho ilipolia palikuwa na jezi tu sakafuni. Walikuwa wamefungwa vibaya sana. Wenzake hawakumsemesha Cherehani. Aliikunja jezi akilia, na hakuna aliyejua analilia lipi.

Klabu ilimwacha kwa kosa la kuihujumu timu. Mwenyekiti aliwaambia waandishi wa habari kwamba mpango haujabadilika, kwamba senta wanaye, na kilichopungua ni mtu wa kumlisha mipira. Wakampata msichana wa sekondari, mwepesi na msikivu.

Cherehani alipita kuchukua viatu vyake, akawakuta mazoezini. Kocha alikuwa akimwonyesha mgeni nafasi tupu chini ya goli, akamwambia arushe pale. Msichana aliuliza amrushie nani.

"Wewe rusha tu," kocha alisema.

Alirusha. Mpira ulidakwa.

Cherehani alirudi nyumbani na kumkuta mama yake mkubwa jikoni, akichambua mchele. Mama hakuhitaji kuambiwa mengi.

"Wamemwita?"

"Wamemwita, mama mkubwa."

Mama aliusukuma ungo pembeni, akazima jiko, akatafuta viatu vyake. Alisema atakwenda kumsubiri mlangoni pa ukumbi mpaka wamalize, ili asirudi makaburini peke yake.