Aliyetoka Kundini

Harufu ya ngozi mbichi haikuwahi kumchefua Maduhu, na alikuwa akizipaka chumvi pale Bariadi tangu alipoacha shule darasa la tano. Aliyemchefua siku hiyo ni Mwalimu Rogasian wa Kiingereza, aliyesimama mlangoni mwa banda kaziba pua kwa leso.

"Neno lenyewe ni zuri, mzee. *Egregious*. Lina asili ya Kilatini. *E* ni kutoka, *grex* ni kundi la mifugo. Yaani aliyetoka kundini kwa ubora, kama fahali anayewapita wenzake. Zamani lilikuwa sifa."

"Na leo?"

Mwalimu akakohoa. "Leo Waingereza wamelipotosha kidogo. Ni kitu kibaya kupita kiasi."

"Kidogo!"

Asubuhi ile binti yake Malimi alikwenda kwenye usaili wa ukarani kwa wanunuzi wa pamba. Akaambiwa ajieleze kwa Kiingereza. Akainua kichwa, akasema yeye ni mfanyakazi *egregious*. Wasaili walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai, kisha wakamwambia aende, watampigia.

"Twende ukawaambie ni wewe uliyemfundisha," Maduhu alisema. "Ofisi haijafungwa."

"Mzee, nina jina langu mjini hapa. Nafundisha mpaka mabosi."

"Kwa hiyo lako lisichafuke, la mwanangu liliwe na funza?"

"Angeniuliza kwanza kabla ya kulitumia."

"Nilikuuliza." Malimi alikuwa ametokea nyuma yao, macho mekundu. "Nilikuuliza mbele ya darasa zima. Ukasema nilitumie, litawashtua."

Mwalimu akaitoa leso puani. Akageuka kuondoka.

Maduhu akamkamata mkono, chumvi na damu vikaganda kwenye shati jeupe.

"Mwache, baba. Huyu hata huko atadanganya. Naenda mwenyewe, waniulize upya kwa Kiingereza cha kawaida."

Alirudi jua likielekea kuzama, viatu mkononi.

"Wamekusikiliza, mayu, mama yangu?"

"Mmoja tu wa wale wasaili, anaitwa mama Sia. Kaniambia hata yeye halijui lile neno. Alicheka kwa sababu bosi wake alicheka."

"Na kazi?"

"Nilipofika walikuwa wameshampigia mwingine."

Maduhu akainamia ngozi zake, akachota chumvi. Alitaka kutema mate, akakosa hata ya kutema.