Mablanketi Yaliyopanda Kilimani

Jumamosi ya kwanza ya michango ya sikukuu, fundi cherehani alikaa karibu na dirisha la ukumbi wa kanisa akishona pindo la blanketi la bluu lililoletwa limechanika. Wenzake walitenganisha nguo za watoto na za wakubwa. Mwenyekiti wa kamati, ambaye wote walimwita Mama Mkubwa ingawa hakuwa na undugu na yeyote pale, alisimama mlangoni akipokea mizigo na kumshukuru kila mtu kwa jina.

Jioni, wakifagia, mablanketi yalishuka mezani. Hayakuanguka, yalishuka, moja baada ya jingine, kama watu wanaotoka kitandani wakipapasa ndala kwa miguu. Yakatoka nje kwa kujikokota, ncha moja mbele, nyingine nyuma.

"Yatachafuka," alisema mwalimu wa kwaya.

"Yaacheni," alisema mchungaji. "Huenda yanajua njia."

Mama Mkubwa alifurahi. Bila shaka yanakwenda bondeni, alisema, kwa watu waliobomolewa nyumba na mafuriko. Akamtuma fundi ayafuate na ayapige picha yakifika.

Barabarani mablanketi yalisubiri lori la mchanga lipite, ndipo yakavuka. Kwenye njia panda hayakushika ya bondeni. Yalipanda kilimani. Fundi alisimama kidogo, akaangalia nyuma kama kuna wa kumuuliza, halafu akaendelea.

Yaliishia kwenye geti la Mama Mkubwa mwenyewe. Mlinzi aliyafungulia. Yalipita ubavuni mwa nyumba yenye mapazia mazito, yakazunguka gereji, yakafika kwenye stoo ya nyuma. Komeo la stoo lilikuwa kwa nje. Mablanketi yalijibana, yakapenya chini ya mlango, na lile la bluu likanasa pindo.

Fundi alifungua komeo. Ndani, kati ya makopo ya rangi, mzee alikuwa amekaa kwenye godoro lisilo na shuka, mablanketi yakimpanda hadi shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe umeyaleta?"

"Hapana. Yamekuja yenyewe."

"Aa." Mzee alipapasa la bluu. "Mshono mzuri huu. Binti yangu hajambo?"

Kutoka pale fundi aliona taa ya jikoni kwa huyo binti, na msichana wa kazi akisuuza sahani.

"Hajambo."

"Nisalimie sana."

Picha hakupiga. Alipotoka, mkono wake ulirudisha komeo kama ulivyolikuta. Alikuwa ameshafika getini ndipo alipotambua ulichofanya, na hakurudi.

Ukumbini alimkuta Mama Mkubwa akikunja sweta la mtoto.

"Yamekwenda kwako. Kwa mzee."

"Baba anapenda utulivu."

"Amefungiwa kwa nje, Mama Mkubwa."

"Akitoka anapotea. Wewe hujauguza mzazi, dada yangu, usinifundishe."

"Anakusalimia."

"Nimezipokea," alisema Mama Mkubwa, akachukua sweta jingine.

Asubuhi dereva wa kanisa aliyafuata mablanketi akayarudisha. Jioni yakaondoka tena. Waliyawekea magunia ya mchele juu, yakajichomoa. Walifunga mlango, yakatoka dirishani. Dereva akazoea, akawa anapita kilimani kila asubuhi kabla ya kununua mkate wake.

Fundi ndiye ambaye hakuzoea. Alikaa, akasimama. Alifumua mishono mizima akaishona upya. Mkono ule ulimwasha, akauosha, ukaendelea. Mwisho alimwendea mchungaji, naye akamsikiliza vizuri, macho yakiwa kwenye bati jipya la ukumbi, alilolitoa Mama Mkubwa.

"Tuache sikukuu ipite," alisema. "Halafu tutaona."

Siku ya kugawa, kwaya iliimba, Mama Mkubwa akayakabidhi mablanketi bondeni kwa mikono miwili, akimkumbatia kila mama. Jua lilipozama yalitoka vibandani. Watu waliyakimbiza mpaka darajani, wakasimama kuyatazama yakipanda.

"Basi kuna anayeona baridi kutuzidi," alisema mama mmoja mwenye kichanga mgongoni. Wakarudi kulala na nguo zao.

Mzee hakukosa joto tena. Sikukuu ilipita, na mchungaji akaanza semina za ndoa. Wiki hiyo Mama Mkubwa alimwita seremala nyumbani. Fundi aliposikia, aliacha kitambaa chini ya sindano, akapanda kilimani karibu akikimbia, viatu mkononi.

Alimkuta seremala amepiga magoti mbele ya stoo, msumeno mkononi. Alikuwa amekata mlango kwa chini, nafasi ya kupitisha blanketi bila kuchanika. Ndani mzee alikuwa akimsifu kwa kazi nzuri. Seremala alifuta vumbi la mbao, akajaribu komeo, akaona linakwaruza, akalitia mafuta.