Wakwe Wawili Mlimani

Tangu alipooa, kinyozi hakuwahi kuzungumza na mama mkwe wake zaidi ya salamu na "karibu chai." Si kwamba walikuwa na ugomvi. Walikuwa na heshima, tena heshima nzito, kama blanketi la hospitali: unatoka jasho chini yake lakini huthubutu kulitupa. Mama akiingia sebuleni, kinyozi anakumbuka ghafla kuna kitu amesahau nje. Kinyozi akirudi, mama naye anakumbuka jikoni.

Na huyo ni mtu ambaye kazini mdomo wake haupumziki. Kwenye kibanda chake chenye kiti kimoja cha kuzunguka, wateja walikuja kunyolewa wakabaki kusikiliza hadithi. Walimwita Bonge, maana alikuwa pande la mtu, na mtaa mzima uliamini hakuna kitu duniani kinachomtisha.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Dirisha la wodi ya wazazi alikofanya kazi lilitazama milima inayoshuka moja kwa moja hadi baharini, na kila akinawa mikono aliitazama akajiambia, siku moja. Alipostaafu alinunua viatu vyenye soli ya meno, akaanza kupanda yeye na binti yake. Kilele cha kwanza walikipanda kwa kupumzikapumzika, cha pili kwa mazoea. Kilibaki cha tatu, kirefu kuliko vyote. Ili kukifikia, lazima upite juu ya mgongo mwembamba wa mlima, bonde upande mmoja, bahari upande wa pili.

Siku moja kabla ya safari, binti aliteleza kwenye ngazi zilizotoka kupigwa deki, akateguka kifundo cha mguu.

"Utakwenda naye wewe," alimwambia mumewe, mguu juu ya mto.

"Mimi? Na mama?"

"Kwani mama ana meno ya simba?"

"Tutaongea nini mlima mzima?"

"Msiongee. Pandeni tu."

Kinyozi alikuwa na sababu nyingine, ila hiyo hakuitoa. Mahali pa juu palimtia kizunguzungu tangu utotoni. Hata taa ya kibandani ikiungua alimwita jirani aibadilishe, akisingizia bega. Lakini mtu anayeitwa Bonge atamwambiaje mkewe kwamba anaogopa kupanda stuli? Akasema sawa.

Asubuhi waliianza njia ya msituni, na matatizo yakaanza papo hapo. Nani atangulie? Kinyozi akitangulia, anampa mama mkwe mgongo. Akibaki nyuma kwenye mwinuko ule, macho yake ayaweke wapi? Basi wakatembea bega kwa bega kwenye njia ya mtu mmoja, kinyozi akipita vichakani, matawi yakimchapa usoni, huku akisema, "Hapana, niko sawa, mama."

"Kuna baridi kidogo," alisema mama baada ya kitambo kirefu.

"Kweli, mama. Kidogo."

Mazungumzo yakaishia hapo.

Miti ilipokwisha, upepo ukawapokea. Mgongo wa mlima ulinyooka mbele yao, mawe matupu, na mwisho wake kilele kimesimama peke yake. Chini kabisa, mawimbi yalionekana kama mistari myeupe isiyo na sauti. Mama akatangulia bila kufikiri mara mbili. Kinyozi akamfuata, macho yakiwa kwenye visigino vyake tu.

Walikuwa wamefika kama nusu ya mgongo ule, ndege mmoja wa baharini akapita. Alipita chini yao. Kinyozi aliona mgongo wa yule ndege, mabawa yametandazwa, na chini ya mabawa hakuna kitu. Akakaa palepale, akakumbatia jiwe.

"Umechoka, baba?" mama aliuliza akigeuka.

"Kijiwe, mama. Kimeingia kiatuni."

"Mbona huvui kiatu?"

Mama akarudi hadi alipo, akamtazama vizuri: midomo imekauka, jasho limemtanda kwenye paji la uso, vidole vimeng'ang'ania. Sura ile hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameishi nayo kazini maisha yake yote.

Akapiga magoti mbele yake, na sauti yake ikabadilika.

"Nitazame mimi. Chini hakukuhusu. Vuta pumzi kwa pua, taratibu. Toa kwa mdomo."

"Mama, samahani, mimi…"

"Anayeumwa uchungu haombi samahani. Pumua."

Akamshika mkono. Kinyozi alishtuka kuliko alivyoshtushwa na bahari, akataka kuuvuta.

"Tulia! Hapa hakuna mkwe. Wodini kwangu walikuja wake wa wakubwa na wake wa makuli, na wote niliwashika hivihivi."

"Mama, siwezi kwenda. Na siwezi kurudi."

"Wote husema hivyo. Wengine walikuwa wananitukana. Ukitaka kutukana, tukana, huwa inasaidia."

"Nikutukane wewe, mama? Bora nianguke!"

"Basi utukane mlima."

Kinyozi akafikiri. "Mlima mpumbavu," alisema kwa adabu.

"Nguvu zako zote ndizo hizo?"

"Mlima mpumbavu! Nani kakutuma uwe mrefu hivi? Huna kazi?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na kinyozi akajikuta naye anacheka, machozi yakimtoka, jiwe bado amelikumbatia.

Lakini wingu lilikuwa limeanza kupanda kutoka baharini, likilamba mawe taratibu. Mama akatazama kilele. Kilikuwa karibu kiasi kwamba yalionekana mawe yaliyorundikwa juu yake na waliotangulia.

"Nenda, mama," kinyozi alisema, na alisema kwa moyo wote. "Ni pale tu. Nitakungoja."

Mama alisimama. Alikitazama kilele kwa muda, upepo ukimpeperusha mtandio. Kisha akageuka.

"Sijawahi kumwacha mtu katikati. Twende nyumbani."

Walirudi kwa namna ambayo hakuna mpanda mlima angependa kupigwa picha nayo: kinyozi ameketi, akijivuta kidogokidogo, mama akitangulia na kumwonyesha pa kukanyaga. "Mguu wa kulia hapo. Sogeza kalio. Sogeza tena." Neno hilo, kutoka kinywani mwa mama mkwe, siku nyingine lingemhamisha mji. Siku hiyo alisogeza.

Walipofika kwenye majani, kinyozi alilala chali, suruali imechanika nyuma, akaishika ardhi kwa mikono miwili. Mama akamimina chai kutoka kwenye chupa, akamenya mayai ya kuchemsha, akamlisha la kwanza kwa sababu mkwewe bado hakutaka kuiachia ardhi.

"Tangu nistaafu," alisema baadaye, akijisugua vidole, "watu wananishika kama wameshika yai. Leo wewe umenivunja mkono kabisa."

"Nisamehe, mama."

"Hujanielewa. Nilikuwa nimeanza kusahau kwamba mkono huu una kazi."

Wingu likafunguka mara moja, kilele kikatokea kikiwa kimeoga jua. Mama alikitazama akasahau kutafuna, na kinyozi akaona jinsi alivyokitazama.

"Nimekunyima, mama."

"Umenichelewesha. Kunyimwa nakujua, hakuko hivi." Akamsogezea mkate. "Haya, niambie. Binti yangu anasema kibandani kwako watu hucheka mpaka nje. Wanacheka nini?"

Kinyozi akamsimulia habari ya bwana harusi aliyesinzia kwenye kiti akaamka na upara. Njia nzima ya kurudi walipita mmoja nyuma ya mwenzake, na hakuna aliyekumbuka nani katangulia.

Nyumbani, mke aliuliza kabla hawajavua viatu. "Mmefika juu?"

"Wingu lilitufunga," alijibu mama haraka.

Kinyozi angeweza kuliacha hapo. "Si wingu," alisema. "Niliogopa. Naogopa pa juu tangu nikiwa mtoto."

Mke akamtazama, akatazama suruali, akaangua kicheko.

"Funga mdomo," mama alimkemea. "Wewe ulipozaliwa nani alilia kuliko wote? Baba yako."

Kifundo kilipopona walikwenda wote watatu. Pale miti inapoishia, kinyozi aliweka begi chini akasema yeye mwisho wake ni hapa, na hakuna aliyembishia. Alikaa na chupa ya chai, akawatazama mama na binti wakitembea juu ya ule mgongo hadi wakawa kama punje mbili za mtama. Walipofika pale alipokwama yeye, alifumba macho. Alipoyafumbua walikuwa juu, wanapunga mikono. Akaruka, akapiga kelele mpaka koo likamkwaruza.

Waliporudi, mama alijitupa majanini kando yake, anahema, uso unameremeta.

"Haya, mama, kukoje huko?"

"Maji, baba. Maji mengi."

"Yaani upande mlima wote huo uje kuniambia maji mengi? Hata mteja wangu mlevi husimulia vizuri zaidi."

Mama akacheka. Akapokea kikombe, akakunja miguu, akaanza kumsimulia upya, tangu hatua ya kwanza.