Tumbo la Marehemu

Watu wa mtaa wa Kuze walikiita Suruali. Chombo kilikuwa na matumbo mawili marefu, membamba, yamelala sambamba kiwanjani kama miguu ya suruali iliyoanikwa, na siku za mwanzo wapita njia walichungulia kutoka kichochoroni wakamchokoza mwenyewe: "Ziad, yakhe, suruali hini wamshonea nani?"

Ziad akawajibu, "Naishonea bahari. Haina haya, yatembea uchi mbele za watu."

Alikuwa fundi wa mitambo bandarini. Alipostaafu akaapa kuwa hatakaa barazani kusengenya wapitao. Alitaka kujenga kwa mikono yake chombo cha kulala ndani, chenye jiko na vitanda, kimchukue yeye na mkewe Mona mpaka Lamu, mpaka Unguja, na wakitaka wapite. Akanunua plaiwudi, faiba, vile vitambaa vya nyuzi za kioo, na gundi yake, akaanza kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba yao, kinachoteremka hadi majini. Tumbo moja alilimaliza kulivika faiba. La pili alikuwa amesimamisha mataruma tu, mbavu tupu bila nyama, alipoanguka kwa kiharusi.

Hilo la pili alilijenga mwanawe Fuad, yeye na Wekesa, seremala wa Bungoma aliyekuwa na marehemu tangu ubao wa kwanza. Sasa matumbo yalikuwa yameunganishwa, sebule imekaa juu yake, na Ijumaa baada ya sala chombo kilikuwa kiteremke majini. Wiki itakayofuata Fuad angesafiri nacho kwenda Lamu, na mkewe Raghad, na mtoto wao ambaye hata meno hajaota.

Mona hakuwa na usingizi. Alikuwa na jambo moja la kuamua: amwache mwanawe aende, ama amzuie? Maana Ziad, aliyelala kaburini mwaka wa pili huu, alikuwa bado akigonga.

Ilikuwa baada ya alasiri, mafundi wakiwa wameondoka, yeye yuko ghorofani juu ya mswala wake, hajamaliza nyiradi. Kutoka kiwanjani ikaja: ngo, ngo, ngo. Taratibu. Sauti ya sarafu juu ya faiba. Mona aliijua kama anavyojua kikohozi cha nyumbani kwake. Ziad hakuwa akiamini faiba kwa macho. Kila kipande kilichokauka alikifuta vumbi kwa kiganja, akakigonga kwa sarafu, akatega sikio. Pale faiba iliposhika ubao, sarafu ilisema ngo. Pale ilipoacha ikaweka upepo ndani, ilisema bu, na hapo Ziad hukata akaanza upya.

Ngo, ngo, ngo, alisikia Mona. Kisha kimya kidogo, kama mtu aliyesogea hatua. Ngo, ngo. Kisha bu.

Baada ya bu hapakuwa na kitu tena. Aliinuka, akaenda dirishani. Kiwanjani hapakuwa na mtu. Turubai lililofunika chombo lilikuwa likipanda na kushuka, polepole, na siku ile hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha buibui lililoanikwa.

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu alishuka mwenyewe, akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya kujisikia. Tumbo alilolijenga Ziad lilikuwa limetapakaa unga wa msasa, mweupe, kutoka kazi ya juu. Karibu na mkuku, uti wa chini kabisa wa tumbo, mahali pa kuinama, unga ulikuwa umefutwa. Kipande cha upana wa kiganja kiling'aa safi. Na chini, kwenye unga uliomwagika ardhini, hapakuwa na alama ya mguu ila za kwake yeye Mona.

Alimwambia jirani yake Bi Nana, mwanamke mzima anayejua mambo ya kila nyumba.

"Jini huyo," akasema Bi Nana bila kuacha kusuka ukili. "Chombo kikikaa sana nchi kavu hupata mwenyewe."

"Tuseme astaghfirullah, Bi Nana."

"Mimi nitasema. Yeye atasikia?"

Mona hakutaka jini. Wala hakutaka kusema ni Ziad, maana maiti ana yake huko aliko, harudi kuja kushika msasa. Akamsomea Yasini, akatoa sadaka kwa nia yake. Alasiri ikaja, na sarafu ikaja nayo.

Kwa Fuad alipata kicheko.

"Mamangu, mbao zikikauka hulia. Hazijui kunyamaza."

"Mbao hazifuti vumbi, Fuad."

"Paka, basi."

"Paka mwenye kiganja?"

Fuad akamwekea mkono begani. "Tumbo langu nimelipima, nimeligonga, nimekata mara tele. Tumbo la Baba halina neno. Hilo si la kuguswa. Sikuligonga hata mara moja, nitamkagua Baba mimi?"

Ndivyo alivyoyaita siku zote, tangu alipoanza kazi: la Baba, na langu. Alisema kwa adabu, na Mona akayapokea kwa adabu hiyo hiyo. Lakini alirudi juu moyo umemjaa maji.

Alikumbuka siku yenyewe. Ziad alipanda ngazi adhuhuri, uso umepinda, akaangukia kitandani. Fuad alikuwa Mwembe Tayari kupokea mzigo wa skrubu uliokuja na basi. Mona alikuwa peke yake na mumewe, ameshika kichwa chake. Nusu ya mdomo ilikuwa imekwisha kufa. Akamkodolea macho, akajikaza kama mtu anayesukuma mlango, akasema, "La kulia..." Akapumua. "La kulia, Mona. Si..." Akamshika mkono. "Si z..." Kisha Mona akamtajia shahada, naye akaifuata kwa kidole, na roho ikatoka.

Si la kulia. Ndivyo Mona alivyoyapanga maneno yale, akamweleza hivyo Fuad aliporudi: babako amesema hili si la kulia. Na kwa kuwa mume ameusia, hakulia. Si kwenye kuosha, si jeneza lilipotoka mlangoni, wala eda yake yote. Wanawake wa Kuze walimsifu kwa subira. Wengine walisema ana moyo wa jiwe, na hayo pia yalimfikia. Alivumilia. Alikuwa na neno lake la mwisho, amepewa yeye, na kila mara alilitoa akalitazama, akalirudisha.

Jumatano asubuhi alishuka na birika la chai na mahamri. Fuad alikuwa ameenda Ganjoni kwa shughuli zake. Wekesa alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi.

"Shikamoo, Mama Fuad."

"Marahaba, babangu. Teremka unywe ingali moto. Kazi imekwisha?"

"Imekwisha tu, Mama. La kushoto nimelimaliza jana, rangi ya mwisho. La kulia ndilo limebaki."

Mona aliweka sinia juu ya mbao. "La nini?"

"La kulia. Hili la Mzee."

"Mwaliita hivyo?"

"Tangu zamani. Mzee mwanzoni alisema kuume. Lete gundi upande wa kuume, shika kuume. Nikamwambia, Mzee, mimi nikisikia kuume natafuta mke yuko wapi." Wekesa akacheka peke yake. "Alicheka mpaka akaketi chini. Basi tukiwa hapa ikawa kulia na kushoto. Alisema huko juu akisema kulia mtamuuliza nani kafa."

Kweli. Katika nyumba ya Mona mkono wa kulia chakula ni wa kuume, mguu wa kuingilia msikitini ni wa kuume, na kulia ni kulia kwa machozi. Maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumsikia Ziad akilitumia neno lile kwa maana nyingine.

"Wekesa, siku aliyoanguka, alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa akiligonga hilo hilo. Nilimwacha hapo chini ameinama na sarafu, nikaenda kula. Niliporudi majirani walikuwa washajaa huko juu." Akamtazama. "Mama, keti."

Hakuketi. La kulia si zima. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasukuma yapite mlango wa mdomo mfu, naye Mona akayachukua, akayapanga upya, akayafanya yake.

Fuad aliporudi alimkuta mamake amesimama mbele ya tumbo la babake, na Wekesa pembeni, chai imepoa. Akaelezwa. Akakataa.

"Mama, chombo kimepakwa rangi. Watu wamealikwa. Sheikh nimemwambia aje asome dua."

"Gonga."

"Kwa ajili ya neno moja la mtu mgonjwa?"

"Gonga, Fuad."

Akatoa sarafu mfukoni kama mtu anayemridhisha mtoto. Akaanza mbele: ngo, ngo, ngo. Akasogea. Ngo. Akamgeukia mamake, yuko tayari kutabasamu.

"Hapo sipo," akasema Mona. Akainama kwa magoti yake mabovu, akaweka kiganja pale karibu na mkuku. "Hapa."

Bu.

Fuad alirudia. Bu. Akasogeza sarafu upande, bu, akasogeza tena, na tabasamu likamtoka.

"Ni upepo kidogo," akasema. "Nitatoboa, nisukume gundi ndani, yaishe."

"Kata."

"Tukikata hapa, Ijumaa haiko tena. Labda mwaka huu wote hauko."

"Basi Ijumaa nami nitaingia nilale humu ndani, kwenye bu hii hii, mnishushe pamoja nacho. Na Raghad nitamwita nimwonyeshe mahali pa kumlaza mwanawe."

Fuad akamtazama sana. Kisha akanyoosha mkono, Wekesa akampa grenda.

"Bismillahi," akasema Mona, na mashine ikalia.

Faiba ilitoka kama ganda. Nyuma yake maji yalichuruzika, meusi, yananuka shimo. Plaiwudi haikuwa mbao tena. Fuad alitia vidole, ikakatika kama mkate uliochovywa chai, akatia mkono mpaka kifundo, bado ni ule ule uji. Alikata mbele zaidi, akakuta vivyo hivyo. Uozo ulikuwa umefuata mkuku, kimya, chini ya rangi nzuri, ukielekea pale mhimili unaposhika matumbo mawili.

Alizima grenda, akaketi mchangani.

"Ningewatia humu," akasema. "Ningewatia humu mimi mwenyewe, Raghad na mtoto. Kwa mikono yangu."

Kutoka ndani ya lile tundu ilikuja baridi, si ya kivuli tu. Wekesa aliisikia, akarudi nyuma akajipiga ishara ya msalaba. Mona aliisikia pia, ikampitia usoni, na ndani yake mlikuwa na harufu ya gundi mbichi na udi kidogo, ilhali gundi ya pale ilikauka zamani.

Fuad alifuta uso kwa mkono mchafu. "Basi alituambia. Alikuwa akituambia siku zote."

"Alikuwa akikwambia wewe. Mimi nilikuwa njia tu."

"Na wewe je, Mama? Wewe alikuusia nini?"

Mona alitazama lile tundu. Alingoja kidogo, ametega sikio, kama unavyomngojea mtu aliyevuta pumzi ili aendelee. Maji yalidondoka. Mbele ya kiwanja bahari ilikuwa ikijaa.

"Mimi hakuniambia kitu," akasema. Akavuta leso juu ya kichwa, akasogea kando kumpisha. "Washa mashine yako. Kata mpaka ufike kwenye mti mzima."