Matuta Yanakula Shamba

…yanakula shamba, eti matuta yanakula shamba, nimemsikia vizuri, shemeji Lukasi anapaza sauti makusudi ili nisikie mpaka huku jikoni, na mume wangu anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mimi nimeinamia sufuria nasonga ugali, moshi wote wangu… tangu shemeji arudi kutoka Gehandu na plau yake hatupumui, haya, kule ni tambarare, plau inakwenda moja kwa moja mpaka mtu achoke, lakini hapa kijijini kwetu Daudi ni mlima, jamani, mlima, hata kuku anashuka kwa uangalifu, na huyu anataka kulima kutoka juu mpaka chini, avunje matuta yote kesho kabla mvua haijashika, apande maharage mekundu matupu, “Wanunuzi wa Arusha hawataki mchanganyiko, kaka, siku hizi soko huria,” huria, huria, tangu neno hilo lifike kila mtu amekuwa bwana shamba, na mahindi je, na maboga, wanangu watakula soko?… mama mkwe ndiye alinifundisha, mwaka ule nimeolewa, tuta linakata mlima kwa upana, majani yake unamkatia ng'ombe, samadi inarudi shambani, kiuno kiliniuma mpaka nikalia, akacheka, akasema lia, lakini chimba… alikuwa na roho ngumu yule mama, Mungu amrehemu, lakini udongo wetu ni mweusi mpaka leo, na Sulle jirani yetu? Alivunja ya kwake mwaka jana, mvua mbili tu, sasa ana korongo na mawe, analima kwa kukodi, mtu mzima na shamba lake… na Baba Judith kaliona korongo lile, tunalipita kila Jumapili tukienda misa, anatikisa kichwa, anasema masikini Sulle, halafu leo ndiyo, ndiyo, nyamafu, mume gani huyu, ningemwaga ugali huu nje mbwa wale… “Mama Judith, bado?” Bado, nasema, bado!… wala hajaniuliza, mimi ninayebeba samadi kwa kichwa, wamekwisha kupanga, alfajiri wanafunga maksai, yule mweupe wa kwake na yule mweusi… ngoja… ngoja kwanza, mweusi ni mtoto wa ng'ombe aliyenipa baba yangu nilipojifungua Judith, ukoo mzima unajua, shemeji mwenyewe alikunywa pombe ya siku hiyo mpaka akaimba, sasa wakibaki na mweupe peke yake watalima nini, watavuta plau wenyewe?… ee Mungu, nimekasirika jioni nzima kumbe nusu ya kazi yao ni mali yangu… radi inanguruma huko juu, mvua iko karibu, ije tu… “Mama Judith, tuna njaa huku!” Mtakula, ugali utaiva, lakini kesho mweusi wangu hatoki zizini, na anayemtaka aje aniombe mimi.